Dakika Tatu za Mama Dobi

Wiki iliyopita niliwaacha nikiwa nimekaa chooni, mlango nimeufunga kwa ndani, nasubiri kikao cha wakuu wa idara kiishe. Kiliisha. Nikatoka. Hakuna aliyeuliza nilikuwa wapi, na hilo nalo liliniuma.

Kwa aliyelikosa gazeti, nimweleze kwa ufupi. Mimi ni bibi wa wajukuu saba. Nilimaliza darasa la saba, nikaolewa, na mashuka ya hospitali nayafua mwaka wa thelathini na moja sasa. Msimamizi wetu wa dobi alipostaafu, wakubwa walikuja hapo dobi, chumba chetu cha kufulia, wakauliza kama kuna anayepinga mimi nishike nafasi yake. Aliyetaka kupinga ni mimi. Nikanyamaza. Nikawa msimamizi.

Msimamizi huingia kikao kila Alhamisi saa nne asubuhi, na kikaoni watu husema.

Kikao cha kwanza nilisimama nikasema, "Habari za asubuhi," nikakaa. Cha pili nilijitia kukohoa ili nipitwe, kikohozi cha uongo kikageuka cha kweli, mkuu wa wauguzi akaniletea maji. Cha tatu ndicho hicho cha chooni.

Na katika hicho cha tatu, wakati mimi nahesabu vigae vya ukuta, katibu wa hospitali alisema mashuka sitini na mawili yamepotea tangu mwaka uanze. Alisema dobi kuna mkono mrefu. Alisema Alhamisi inayofuata itaamuliwa kama tuendelee kufua sisi au kazi ipewe kampuni ya nje.

Haya nilisimuliwa na mpishi mkuu, maana yeye hukaa kiti cha jirani yangu.

Mkono mrefu haupo. Mashuka yanakokwenda tunakujua sote tulioko dobi. Mgonjwa akifariki wodini, hufunikwa shuka la kitanda chake, hufungwa nalo vizuri, hushushwa chumba cha maiti. Ndugu wakija kumchukua, humchukua na shuka lake. Nani atamvua marehemu mbele ya wanawe, adai shuka la serikali? Hakuna. Na hakuna anayeandika popote.

Kwa hiyo nilichotakiwa kusema kikaoni ni sentensi moja yenye maneno manne. Mashuka yanaondoka na marehemu.

Nilijaribu njia ya mkato. Ijumaa nilimvizia katibu kwenye korido, akiwa peke yake, funguo mkononi.

"Mzee, kuhusu yale mashuka."

"Mama, mambo ya kikao semea kikaoni. Korido haina kumbukumbu."

Akaingia ofisini kwake.

*

Jumatatu tulikuwa tunakunja mashuka, mimi na wifi yangu. Huyu ni dada wa marehemu mume wangu, tuliingia kazini siku moja, na mdomo wake hauna kufuli. Kukunja shuka ni kazi ya watu wawili. Wewe unashika pembe mbili, mwenzako mbili, mnavuta, mnakung'uta, kisha mnakwenda mkakutana katikati. Miaka hiyo thelathini na mmoja, maneno yangu yote nimeyasema hapo katikati, uso kwa uso, kwa mtu mmoja.

"Haya wifi, sema," akaniambia tulipokutana.

"Mashuka yanaondoka na marehemu."

"Tena."

"Mashuka yanaondoka na marehemu."

"Mbona unasema kama maji? Shida yako nini hasa?"

"Hapa uko wewe. Kule wako kumi na wanne, na wote wamevaa viatu vinavyolia sakafuni."

"Viatu ndivyo vinakutisha?"

"Vikinyamaza. Vikinyamaza vyote kwa pamoja, ujue wananisubiri mimi."

Wifi akacheka mpaka akaangusha pembe. "Kaka yangu alikuoa ukiwa bubu, akafa bado anasubiri ujibu posa."

"Nilijibu."

"Ulitingisha kichwa. Mimi nilikuwepo."

Tuko watano pale. Mimi na wifi, wawili wa mashine ambao ni mtu na binamu yake, na mdogo wetu wa pasi tunayemwita Mama Mapacha, kwa sababu Mungu alimpa wawili kwa mara moja na baba yao akaona ni wengi. Huyu Mama Mapacha aliweka pasi yake chini, akanijia kwa sauti ya chini.

"Mama, hotelini wamenipa nafasi. Kupiga pasi, kama hapa."

"Hongera, mwanangu."

"Sitaki kwenda. Ni mbali, ukitoka nyumbani asubuhi unarudi watoto wamelala. Hapa mchana nakimbia nyumbani kwa miguu, nanyonyesha, narudi. Lakini kama tunafungwa, nitakuwa nimepoteza huku na huku. Wanataka jibu Alhamisi kabla ya saa nane mchana. Wenyewe wamesema ikipita hapo wanampa mwingine."

"Basi ngoja Alhamisi," nikamwambia. "Nikitoka kikaoni nitakuambia ukweli ulivyo, wewe wa kwanza."

Kumbukeni hilo neno. Nililisema kwa kinywa changu mwenyewe, na wala hakuna aliyenilazimisha.

*

Nyumbani nilikuwa na walimu wawili.

Wa kwanza ni mjukuu wangu wa kike anayefanya kazi ofisini, mahali ambapo vikao ni kila siku kama chai. Aliniketisha kitandani akanisomea mambo kutoka kwenye simu yake.

"Bibi, vuta pumzi kwa pua, hesabu mpaka nne. Ishikilie, hesabu nne. Itoe, hesabu nne."

"Na nikimaliza kuhesabu?"

"Unaanza tena."

"Na wao wanafanya nini muda wote huo?"

"Hawajui, Bibi. Unahesabu moyoni."

"Mjukuu wangu, mimi nikihesabu, midomo inacheza. Watadhani naroga."

Akasema basi nitafute kitu kimoja ukutani nikitazame badala ya macho ya watu. Hilo nililipenda. Akasema pia mikono ikitetemeka nishike kiti. Hilo nalo nililipenda, ila sikumwambia kwamba kinachotetemeka zaidi ni magoti, na magoti huwezi kuyashikiza popote.

Mwalimu wa pili alikuwa mwalimu kweli, mwanangu wa pili, anafundisha sekondari. Nilimwambia naomba uniandikie sentensi moja, herufi kubwa, nisome.

Alinitazama kwa huruma.

"Mama, kikao cha wakuu wa idara huwezi kusimama ukatupa sentensi moja kama mtu anayeita kuku. Kuna itifaki."

"Itifaki ndiyo nini?"

"Kutambua waliopo. Kwa vyeo. Kisha utangulizi, kisha hoja, kisha hitimisho. Niachie mimi."

Jumatano jioni akaniletea karatasi nne, zimepigwa chapa, zimebanwa kwa pini. Karatasi ya kwanza ilikuwa itifaki. Ya pili utangulizi, historia ya usafi hospitalini. Sentensi yangu ilikuwa ukurasa wa tatu, katikati, ameivalisha suti: "Uchunguzi wetu umebaini kwamba sehemu kubwa ya upungufu huo hutokana na mashuka kutumika kuwahifadhi wapendwa waliotangulia."

"Hapa pana mashuka yangu?" nikauliza.

"Yapo, Mama. Yamekaa kitaalamu."

Nikaisoma hotuba yote mara sita. Sikukosea hata neno moja. Nilipolala nililala kama mtu aliyelipa ada.

*

Alhamisi saa nne kasorobo nilikuwa nimekaa. Meza ndefu, vitambaa vya kijani, chupa ya maji kwa kila wawili. Madirisha yalikuwa wazi kwa ajili ya joto, na chini ya madirisha hayo ndipo kamba zetu za kuanikia zilipo. Nilimwona wifi anaanika foronya moja kwa muda ambao ungetosha kuanika kumi.

Mganga mkuu alikaa kichwani mwa meza. Katibu akasimama.

"Leo tuna ajenda nyingi. Kila idara dakika tatu. Nikigonga kengele hii, tafadhali uketi."

Mpishi mkuu alisema kuhusu jiko linalovuja. Dakika mbili. Bwana stoo alisema kuhusu glavu. Dakika moja, maana glavu hazipo.

"Dobi," akasema katibu. "Kabla hatujaamua lile suala. Mama, karibu."

Viatu vikanyamaza.

Nilisimama. Magoti yakafanya yao. Nikashika kiti kwa mkono mmoja na karatasi kwa mwingine, nikachagua saa ya ukutani niitazame, kisha nikakumbuka nikitazama saa sitaona karatasi. Nikatazama karatasi.

"Kwa heshima na taadhima," nikaanza.

Sauti ikatoka. Jamani, ilitoka. Ilikuwa sauti yangu ile ya pale katikati ya shuka.

"Kwa heshima na taadhima, naomba kuutambua uwepo wa mganga mkuu, kiongozi wetu na mlezi wetu." Mganga mkuu akainamisha kichwa. "Naomba kumtambua msaidizi wake. Naomba kumtambua katibu wa hospitali, mhimili wa utendaji."

Nikamtambua mkuu wa wauguzi. Nikamtambua mkuu wa maabara, mkuu wa dawa, bwana stoo, mpishi mkuu. Kila niliyemtaja alitabasamu kidogo au alikaa sawa. Magoti yakatulia. Nikaona kumbe watu hawa ni watu.

Hapo ndipo nilipofanya kosa. Mwanangu alikuwa amemsahau mkuu wa madereva. Mkuu huyo alikuwa amekaa pale mwisho wa meza, ameshaweka uso tayari kutajwa, na karatasi ikampita. Nawezaje kumruka mtu mzima mbele ya wenzake? Nikainua macho.

"Naomba pia kumtambua mkuu wa madereva, anayetufikisha salama."

Akaweka mkono kifuani. Basi nikaona na mkuu wa walinzi naye hayumo. Nikamtambua. Na bwana bustani, ambaye hata si mjumbe, alikuwa ameitwa kuja kueleza habari ya mti ulioanguka. Nikamtambua na yeye. Mlango ukafunguka, akaingia mkuu wa wodi ya wazazi, amechelewa, anajipenyeza. Nikasita, nikamngoja akae, nikamtambua kwa jina la kazi yake na nikampa pole ya safari ya ngazi.

Watu wakacheka. Si kunicheka. Walicheka na mimi, kicheko cha chumba kizima. Sijawahi kuchekewa hivyo maishani mwangu. Nikageuza karatasi niende ukurasa wa pili.

Kengele ikalia.

Nilidhani watanizomea. Wakapiga makofi. Mganga mkuu mwenyewe alipiga, na kwa vile alipiga yeye, wote wakaendelea.

"Mama, unajua kusema," akasema mganga mkuu. "Tulikuwa tunakuona kimya hapo kumbe umetuficha."

Nikakaa. Nawaambieni ukweli, na ndiyo maana naandika hapa gazetini, kwa kuwa kalamu hainitazami. Nilifurahi. Kwa muda wa kama dakika nzima nilisahau mashuka, nilisahau wifi, nilisahau watoto mapacha wanaosubiri ziwa. Nilikaa pale nimevimba kama maandazi kwenye mafuta.

Mpishi akaniinamia. "Mama, hukumalizia."

Nikazitazama karatasi zangu, ya tatu bado haijaguswa.

"Najua."

"Basi nyanyuka useme hilo lililobaki."

"Miguu haipo."

"Haipo imekwenda wapi?"

"Semea wewe, kaka yangu. Ni maneno manne tu."

"Mimi wa jikoni niseme ya dobi? Watauliza nimejuaje. Mashuka sitini na mawili, mama, halafu mpishi ndiye anajua yaliko?"

Alikuwa na haki.

Katibu alikuwa ameshaendelea. "Tunamshukuru mama dobi kwa salamu. Sasa pendekezo ni kwamba kazi ya kufua ihamie kampuni ya nje kuanzia mwezi ujao. Idara yenyewe haikulipinga. Nauliza kwa mara ya mwisho, kuna pingamizi?"

Akanitazama. Mganga mkuu naye akanitazama, bado anatabasamu.

Nikavuta pumzi. Moja, mbili, tatu, nne. Nikaishikilia. Moja, mbili, tatu, nne.

"Hakuna," akasema katibu. "Iandikwe."

Nikaitoa pumzi.

*

Niliporudi dobi walikuwa wamesimama wote wanne karibu na mlango. Wifi alinikumbatia kabla sijavuka kizingiti.

"Tumesikia makofi," akasema. "Mpaka huku chini. Nikakimbia kuwaambia hawa, huyo ni wifi yangu, amewapa."

"Walipiga makofi kweli?" akauliza mmoja wa mashine.

"Walipiga," nikasema.

Huo haukuwa uongo. Ndiyo ubaya wake.

"Na katibu alikuwaje?" wifi akauliza.

"Alinishukuru."

"Alishukuru. Mmesikia? Aliyesema tuna mkono mrefu amemshukuru."

Nikafungua kinywa niseme, ngojeni kwanza. Wakati huohuo binamu mmoja wa mashine akanisukumia kikombe cha chai, mwenzake akaniketisha kwenye kiti changu, na kila mtu akawa anasema kwa wakati mmoja. Mimi mtu akisema mbele yangu husubiri amalize. Hawakumaliza. Nikanywa chai. Nikajiambia chai ikiisha nitasema. Ikaisha. Nikajiambia nimalizie rundo hili la wodi ya watoto, kisha nitasema. Rundo likaisha, nikaanza jingine.

Saa saba na nusu akaja karani na bahasha. "Ya msimamizi," akasema, akanipa mkononi, akaondoka.

Nilikwenda nyuma ya mashine ya kukamulia nikaifungua. Mistari mitano. Kwamba kikao kimeamua, na idara yangu haikuwa na pingamizi. Kwamba mwisho wa mwezi huu ndio mwisho wa kazi kwa wote watano. Kwamba msimamizi awaarifu wafanyakazi wake leo hii kabla hawajaondoka, kwa kuwa ofisi imetambua kipaji chake cha kauli.

Nikaitia kwenye mfuko wa aproni. Nilipotoka nyuma ya mashine, Mama Mapacha alikuwa ameegemea meza ya pasi, simu mkononi, anatafuta namba. Ilikuwa saa nane kasoro dakika kumi na mbili.

"Mama, nawapigia wale wa hotelini," akaniambia. "Niwashukuru tu, niwaambie wampe mwingine. Si vizuri kumkalisha mtu."

Kati yangu na yeye kulikuwa na hatua nne. Hapakuwa na meza ndefu, wala kengele, wala mganga mkuu. Walikuwepo wanawake wanne waliovaa ndala za plastiki, ninaowajua mpaka wanavyokoroma. Nilihitaji neno moja. Subiri.

Nikafungua kinywa. Neno likajifungia ndani kama mimi chooni siku ile.

Nikamwinulia mkono. Akadhani nampungia, akanipungia na yeye.

"Haloo dada," akasema kwenye simu. "Ndiyo, ni mimi wa pasi. Nashukuru sana kwa kunifikiria. Hapana, hapa kwetu mambo yamekaa sawa, msimamizi wetu ametusemea. Ndiyo. Mpeni mwingine tu, dada, asante."

Akakata. Akaitia simu kifuani, akavuta pumzi ndefu, akacheka peke yake, akashika pasi yake akaendelea na foronya.

Mimi bado nilikuwa nimesimama, mkono hewani.

Ndipo nikahisi kitu kinagusa ubavu wangu. Vidole vilikuwa vinaingia kwenye mfuko wa aproni yangu, taratibu, kama vya mtu anayetoa mwiba. Sikugeuka. Nikasikia bahasha inatoka, nikasikia karatasi inakunjuliwa, kisha nikasikia wifi yangu, ambaye mdomo wake hauna kufuli, amenyamaza.